Alama Tatu za Mafuta

Wanafunzi walimwita Mwalimu Mikasi, na jina hilo alilistahili. Alikuwa na mikasi kumi na minane midogo yenye mishiko ya plastiki, akiitunza ndani ya kopo kubwa la maziwa ya unga, na kila mwisho wa kipindi aliihesabu kama mtu anayehesabu vifaranga. Mkasi mmoja ukikosekana, hakuna anayetoka, kengele na ilie mpaka ichoke.

Alifundisha lugha. Hadithi na mashairi aliwafundisha vizuri tu, lakini moyo wake ulikuwa mahali ambapo walimu wengine hupita mbio wakiwa wameziba pua: jinsi waandishi wa makala za taarifa wanavyopanga mawazo yao. Nani, jamani, anapenda makala juu ya mmomonyoko wa udongo? Yeye. Angeinakili makala nzima kwa mkono wake, akaikata aya kwa aya, akavichanganya vipande ndani ya bahasha, kisha akawagawia watoto watatu watatu waipange upya juu ya dawati.

"Msiniambie inahusu nini," angesema akipita kati ya madawati. "Hilo hata kichwa chake kinasema. Niambieni imejengwaje. La kwanza lipi? Kwa nini hili limekaa hapa na lile pale?"

Alikuwa na maneno yake. Mwandishi akisema "tofauti na" au "ilhali", analinganisha. Akisema "hatimaye", anafuata saa. Akisema "ndiyo maana", hapo mshike vizuri, kwa sababu anakuuzia sababu: igeuze, inuse, ndipo ununue. Watoto walimwiga kila mahali. Nesi mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, alimshika mkono amdunge sindano huku akimuuliza, "Mwalimu, la kwanza lipi?" Wakacheka wote wawili mpaka sindano ikasubiri.

Nyumbani hali ilikuwa ileile. Mume wake, fundi saa aliyestaafu, aliwaambia wageni kwamba amemwoa mwanamke ambaye hata orodha ya sokoni ina vichwa vya habari na vichwa vidogo. Wageni walicheka. Naye alicheka, ila si sana, na waliomjua wangeona kwamba habari ya orodha na vichwa vidogo humfanya atazame mikono yake.

Maana kulikuwa na sura moja ya kitabu ambayo Mwalimu Mikasi hakuifundisha. Ilikuwa sura ya saba, ya maelekezo: namna ya kuandika hatua za kufanya jambo, moja baada ya nyingine. Kila mwaka, somo likifika hapo, alimwendea mwalimu wa sayansi na kumwambia, "Mwenzangu, hii ni ya kwako zaidi, ninyi ndio watu wa majaribio." Wakabadilishana vipindi. Mwalimu wa sayansi alidhani ni uvivu mdogo wa mtu mchapakazi, akamsamehe. Miaka ishirini na miwili, wanafunzi wake hawakuwahi kumsikia akisema "hatua ya kwanza".

Na kulikuwa na ukuta. Darasa lake lilipakana na chumba ambacho siku hizi kilikuwa stoo ya madaftari na viti vibovu. Zamani kilikuwa jiko la shule. Kila Jumatatu asubuhi, kipindi cha pili, wanafunzi wakiwa wameinama wanapanga vipande vyao na darasa limetulia, alisikia kwenye ukuta ule sauti ya mtu anayesoma. Haikuwa sauti ya kutisha, na hilo ndilo lililomtisha. Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima anayesoma kwa bidii, silabi kwa silabi, kidole chini ya mstari. *Fu-ngu-a. Ko-ki. Ya m-tu-ngi.* Mwalimu alikuwa na akili zake timamu. Alijua stoo ina kufuli na ufunguo uko kwa mkuu wa shule. Alijua pia sauti ile ni ya nani. Ikifika mahali fulani ilikatika, na baada ya hapo hakuna neno mpaka Jumatatu nyingine.

Sauti ilikuwa ya Mama Mwiko, mpishi wa shule. Mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, aliyeweza kumtisha mwanafunzi mtoro kwa kuinua tu mwiko wake mrefu. Alipika kwa kuni miaka mingi. Kuandika hakujua wala kusoma, na alipofika miaka hamsini na mitatu akaamua kwamba basi, imetosha. Akamjia Mwalimu Mikasi, ambaye wakati huo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, akamwambia, "Mwanangu, wewe unakatakata makaratasi kutwa nzima. Nikatie na mimi."

Kwa miaka miwili, kila siku masufuria yakishaoshwa na watu wote wameondoka, Mama Mwiko aliingia darasani na kukaa dawati la mbele, magoti yakigonga ubao wa dawati. Mwalimu alimpa sheria tatu. Weka kidole chini ya mstari. Usiruke. Usiende mbele kabla hujamaliza ulipo. Mama Mwiko alizishika kama kiapo. Makala yake ya kwanza ilikuwa kipande cha gazeti kuhusu mtu aliyefuga nyuki juu ya paa la nyumba yake mjini, na alipoimaliza, baada ya wiki tatu, alilia machozi kwenye aproni. Akaomba aende nalo gazeti nyumbani. Mwalimu akampa.

Kisha shule ikaletewa jiko la gesi. Kubwa, la chuma, lenye vitasa sita vya kuzungusha kufungulia moto, na mtungi mrefu nje ya mlango wenye koki yake ndani. Fundi aliyelifunga aliwasimamisha mkuu wa shule na Mwalimu Mikasi jikoni, akawaeleza kwa mdomo, na Mwalimu akaandika. Fundi yule hakuwa msomi, lakini alisema mambo kwa mpangilio wa kazi yenyewe: "Kabla ya yote, madirisha na mlango wazi. Halafu kagua vitasa, vyote viwe vimefungwa. Ukisikia harufu, acha. Halafu ndiyo koki. Halafu kiberiti. Halafu kitasa, polepole."

Mkuu wa shule akasema, "Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu wa mambo haya. Tutengenezee karatasi nzuri ya ukutani."

Hapo ndipo. Mwalimu Mikasi alikuwa ametoka kwenye semina wiki mbili nyuma, na kichwa kilikuwa bado kimejaa vichwa vidogo na visanduku. Maneno ya fundi aliyaona yamevurugika, kazi na maonyo yamechanganywa kama dengu na mchele. Akayachambua. Akaandika KUWASHA, chini yake hatua tatu. Akaandika KUPIKA. Akaandika KUZIMA. Na maonyo yote akayakusanya pamoja, akayapeleka mwisho kabisa wa karatasi, ndani ya kisanduku chenye mpaka mwekundu: TAHADHARI. *Kabla ya kuwasha, fungua madirisha na mlango, na hakikisha vitasa vyote vimefungwa. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti.* Ilikuwa karatasi nzuri. Mkuu wa shule aliisifu. Mimi ninayesimulia nimeshaona makaratasi mengi ya namna hiyo, mazuri sana, na kila nikiyaona huanza kuyasoma kutoka chini.

Ijumaa fundi aliwasha jiko mwenyewe, akawaonyesha, akafunga koki na kwenda zake. Kitasa kimoja alikisahau wazi. Jumatatu Mama Mwiko alifika kabla ya watu wote. Madirisha yalikuwa yamefungwa, na mlango aliurudisha nyuma yake kwa ajili ya baridi. Alipima mafuta ya kupikia kwanza, kama alivyofanya siku zote, kisha akasimama mbele ya karatasi iliyobandikwa kando ya mlango. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akausoma, akafanya kilichosemwa: akafungua koki. Akarudi. Akasoma mstari wa pili, polepole, maana ulikuwa mrefu: achukue kiberiti, asimame kando ya jiko na si mbele yake. Gesi ilikuwa inatoka muda wote huo. Harufu aliisikia, lakini Ijumaa fundi alikuwa amewatania kwamba jiko jipya lina harufu yake kama kiatu kipya. Akasoma mstari wa tatu. Ulisema washa kiberiti.

Aliishi siku tatu. Siku ya pili Mwalimu alimkuta hospitali amefungwa bendeji mpaka kidevuni. Binti yake mshonaji alikuwa ametoka kufuata dawa, na chumbani wakawa wao wawili. Mama Mwiko alifungua macho.

"Mwalimu," alisema. "Nilifuata. Mstari kwa mstari. Sikuruka."

"Najua, mama."

"Sasa nilikosea wapi?"

Mwalimu Mikasi alikuwa na jibu. Akasema, "Pumzika, mama yangu. Usiongee." Kesho yake Mama Mwiko akafariki.

Lakini hilo si lote, na ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo. Asubuhi ileile ya moto, wakati gari la wagonjwa limeshaondoka na wakaguzi hawajafika, Mwalimu aliingia jikoni peke yake. Karatasi ilikuwa bado ukutani, kona moja imeungua. Kwenye mstari wa kwanza kulikuwa na alama ya kidole chenye mafuta. Kwenye wa pili, alama. Kwenye wa tatu, alama. Kuanzia hapo kwenda chini, karatasi ilikuwa safi. Akaitoa. Alienda darasani, akaandika nyingine kwa mkono wa haraka, madirisha na vitasa vikiwa namba moja kama fundi alivyosema, akaibandika palepale. Hakuna aliyemtuma. Mkuu wa shule hakujua. Wakaguzi walipofika waliisoma, wakatikisa vichwa kwa huzuni, wakaandika ripoti yao kwa nia njema kabisa.

Karatasi ya kwanza aliikunja na kuifungia kwenye droo ya kabati chumbani kwake. Mume wake alidhani humo mna vyeti.

Hivyo ndivyo alivyoishi. Alifundisha, alihesabu mikasi, alipandishwa daraja, na Jumatatu alisikiliza ukuta. Ulipofika mwaka wake wa mwisho kazini, miezi mitano kabla ya kustaafu, mwalimu wa sayansi akahamishwa, na sura ya saba ikabaki bila mtu wa kusukumiwa. Wakati huohuo darasani akaingia msichana mgeni, wa miaka kumi na minne, mkimya, aliyehamia na mama yake kutoka upande wa pili wa mji. Wenzake walimwita Mgeni, na jina likamganda. Mwalimu alimwona mara moja kwamba ni mtoto wa kukaa na kipande cha karatasi mkononi mpaka akijue, na akampenda kwa hilo. Hakumuuliza ukoo wake.

Alipiga moyo konde. Akawaambia watoto: Jumatatu kila mtu alete maandishi yoyote kutoka nyumbani, ya maelekezo au ya taarifa, mafupi, tuone yamepangwaje.

Jumatatu ilikuwa kama soko. Mmoja alileta karatasi ya ndani ya pakiti ya dawa ya kikohozi, iliyokunjwa mara kumi na sita. Mwingine alikuja na kopo zima la sumu ya mende, akaamriwa akaliache nje. Pacha wawili waligombania kijitabu cha simu. Darasa likacheka, mikasi ikalia, na Mwalimu akaanza kuhisi kwamba pengine sura ya saba ni sura tu kama nyingine.

Mgeni hakushika mkasi. Mbele yake palikuwa na barua moja ya zamani, iliyopigwa taipu, ndani ya mfuko wa plastiki.

"Hii siwezi kuikata, Mwalimu," alisema. "Ni ya mama. Ameniazima tu. Nimeusoma muundo wake bila kukata."

"Haya, niambie."

"Ni sababu na matokeo." Msichana aliweka kidole kwenye plastiki, chini ya mstari. "Hapa wanasema maelekezo yalibandikwa ukutani kwa maandishi makubwa. Hapa wanasema agizo la kwanza lilikuwa kufungua madirisha na kuhakikisha vitasa vimefungwa. Hapa wanasema marehemu hakufuata agizo la kwanza, na inaelekea hakuweza kusoma. Ndiyo maana jiko likalipuka." Akainua macho. "Sababu ni bibi. Alikuwa mpishi wa shule hii hii, kabla sijazaliwa. Mama anasema aliwadanganya kwamba anajua kusoma. Jioni alikuwa anashika gazeti anawasomea, kumbe anatunga."

Mwalimu Mikasi aliiona barua. Hakuwahi kuiona kabla. Aliona neno "ndiyo maana", lile alilowafundisha watoto wa watu kuligeuza na kulinusa kwa miaka yote ya kazi yake. Darasa zima lilikuwa linamtazama, na ukutani nyuma yake sauti ilikuwa imeanza. *Fu-ngu-a.*

Mmeshaona nina hasira na makaratasi mazuri. Basi na hapa pia nina hasira. Mwalimu alichukua daftari la msichana, akaona jibu limeandikwa kwa mwandiko safi: *Muundo: sababu na matokeo. Sababu: bibi hakusoma.* Mkono wake, uliokwishasahihisha majibu elfu, ukaweka alama ya vyema, nyekundu, pembeni. Chini yake ukaandika: Sahihi.

"Asante, Mwalimu," alisema Mgeni.

Jumanne sauti ilikuwepo. Haikuwahi kuja Jumanne. Jumatano ilikuwepo asubuhi na mchana, na haikukatika tena mahali pake. Ilifika mstari wa tatu, ikarudi mwanzo, ikasoma upya, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Aliwapa watoto kazi ya kuchora ramani ili wapige kelele kidogo. Wakachora kimya. Mikasi ilipohesabiwa jioni ilikuwa kumi na minane, akahesabu tena, na tena, mpaka kiranja akamwuliza kama anaumwa.

Mume wake alimkuta ameketi kitandani, droo wazi, karatasi mapajani.

"Ndivyo vyeti hivyo?" aliuliza.

Alimwambia. Aliyasema yote, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha, na mzee yule akaketi kando yake, miwani yake ya ufundi bado ipo kwenye paji la uso.

"Umebakiza miezi mitano," alisema mwishowe. "Watakuvua nguo hadharani, mama watoto."

"Nimempa yule mtoto alama ya vyema," alisema Mwalimu, na hapo ndipo alipolia. "Nimesahihisha kifo cha bibi yake, nikaandika sahihi."

Asubuhi mume wake alimpigia pasi gauni lake la kazini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wamezaa.

Alhamisi baada ya masomo, Mwalimu alimfuata Mgeni hadi kwao. Mama yake, yule mshonaji, alikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani moja, meza ya kukatia, sare za shule zimetundikwa kwenye waya kama watoto wamepangwa mstari. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, tepu shingoni, pini mdomoni. Uso wa Mama Mwiko ulikuwa humo wote, ila kicheko hakikuwepo.

"Karibu, Mwalimu," alisema, akitoa pini. "Mtoto amefanya kosa?"

"Hapana. Ana akili sana."

"Nimeona. Amepata vyema." Alimvutia Mwalimu kiti, akarudi kushona. "Niliangalia ile alama. Nikasema haya, hata shule yenyewe imesahihisha. Nilikuwa bado nina kashaka kangu kadogo, unajua. Miaka yote hii. Sasa kameisha."

Mwalimu alikaa. Alikuwa amejiandaa njia nzima, akayapanga maneno yake vizuri. Akaanza na semina. Akaeleza kwamba siku zile walikuwa wamefundishwa vichwa vidogo na visanduku, kwamba jiko la gesi lilikuwa kitu kigeni kwa kila mtu, kwamba fundi alieleza kwa haraka, kwamba mkuu wa shule, Mungu amrehemu, alikuwa na shinikizo kutoka juu...

Cherehani ilisimama.

"Mwalimu," alisema mshonaji. "Unaanzia mbali. Umekuja kuniambia nini?"

Mwalimu Mikasi akatoa karatasi kwenye mkoba, akaikunjua juu ya meza ya kukatia, kona iliyoungua ikaacha unga mweusi kwenye kitambaa cheupe.

"Mama yako alijua kusoma," alisema. "Nilimfundisha mimi. Hii ndiyo karatasi iliyokuwa ukutani siku ile. Niliiandika mimi, nikaweka onyo mwisho. Yeye aliifuata kuanzia juu, mstari kwa mstari, kama nilivyomfundisha. Baadaye niliitoa, nikabandika nyingine, ndiyo wakaguzi waliyoiona."

Mshonaji aliichukua karatasi, akasimama mlangoni, akaiinua kwenye mwanga. Mafuta hayatoki kwenye karatasi, miaka haiyafuti. Alama tatu ziling'aa, moja chini ya nyingine, kila moja ukubwa wa kidole gumba. Chini yake maandishi, maandishi, na kisanduku chekundu kilichopauka, bila alama hata moja.

"Huyu ni yeye," alisema. Aliweka kidole chake juu ya alama ya kwanza. Akashuka ya pili. Alipofika ya tatu hakuondoa kidole.

"Kuna habari moja alikuwa akitusomea," alisema akiwa amewapa mgongo. "Kila wiki, ileile, mpaka tunamzomea. Ya mtu aliyefuga nyuki juu ya paa. Ile barua ilipokuja nikasema, hata nyuki walikuwa wa uongo. Nani anafuga nyuki juu ya paa mjini?"

"Ilikuwepo," alisema Mwalimu. "Lile gazeti nilimpa mimi. Ndiyo makala yake ya kwanza."

Mabega ya mshonaji yakaanza kutikisika. Msichana, aliyekuwa akiokota pini sakafuni, aliinuka na kusimama kando ya mama yake asijue afanye nini na mikono yake. Barabarani watu walipita na mizigo yao. Mwanamke yule alipogeuka, macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu.

"Ulimwona kabla hajafa?"

"Nilimwona."

"Alisema nini?"

"Aliuliza amekosea wapi."

"Ukamjibu?"

"Nilimwambia apumzike."

Mshonaji alitoa sauti fupi puani, si kicheko. "Miaka ishirini na miwili," alisema, "nimemwonea aibu mama yangu. Nilikataa mtoto huyu apewe jina lake. Unajua hilo? Nilisema sitaki jina la mwongo ndani ya nyumba yangu."

"Nisamehe," alisema Mwalimu, kwa sauti ndogo kabisa.

"Sijui. Hilo sijui." Alifuta uso kwa ncha ya tepu. Kisha akavuta daftari lake la vipimo, akageuza kurasa zilizojaa viuno na mabega ya watu, akafika ukurasa mtupu. Akaweka kalamu juu yake, akasukuma vyote viwili mpaka vikagusa mikono ya Mwalimu Mikasi. "Andika. Ya kupeleka kwenye ofisi iliyotuletea barua. Sitaki semina humo, wala fundi, wala shinikizo kutoka juu. Anza na la kwanza."

Mwalimu alishika kalamu. Alikuwa amewauliza watoto swali lile maisha yake yote, naye mwenyewe alikaa mbele ya ukurasa mtupu kama mtahiniwa. Kisha akaandika, kwa herufi kubwa za ubaoni: *Mpishi alijua kusoma, na alifanya kila nilichoandika.*

Msichana alisogea. Akainama juu ya bega la Mwalimu, akaweka kidole chini ya mstari, akausoma kwa sauti, taratibu, bila kuruka neno. Mwalimu Mikasi alifumba macho. Aliijua sauti ile. Ilifika mwisho wa mstari, na kwa mara ya kwanza haikukatika. Ilikuwa inasubiri unaofuata.

"Endelea," alisema mshonaji.